Kwa Nini Jambazi Wetu Azungumze Kiswahili?

Wanafunzi wenzangu, chukueni skripti yoyote kati ya zile filamu fupi za taharuki tulizosomeana mwaka huu, kisha mtafuteni mhusika anayesema Kiswahili. Mkishampata, hamna haja ya kusoma mpaka mwisho. Ndiye mwizi. Mama mwenye duka anasema Kinyarwanda, mwanasheria anasema Kifaransa, binti aliyerudi kutoka masomoni anasema Kiingereza, na yule mwanamume mwenye kofia anayengoja kwenye kona anafungua kinywa na kusema, “Leta simu.” Maneno mawili. Hicho ndicho Kiswahili chote kilichomo katika filamu.

Ninasema kaida hii ni mbovu, na ninaipinga kwa sababu mbili. Kwanza, inaidhalilisha lugha ambayo sisi tunaisoma na ambayo majirani zetu wanaisema nyumbani. Pili, inaiua taharuki yenyewe. Nitaanza na hii ya pili, kwa kuwa watetezi wa kaida hii hupenda kujificha nyuma ya sanaa.

Taharuki ni nini? Alfred Hitchcock alimweleza mwongozaji Mfaransa, François Truffaut, kwa mfano ambao kila darasa la filamu huurudia. Watu wamekaa mezani wanazungumza mambo ya kawaida. Ghafla bomu linalipuka. Watazamaji wameshtuka kwa sekunde 15, basi. Sasa lirudie tukio lilelile, lakini kabla ya mazungumzo mwonyeshe mtazamaji bomu lililo chini ya meza, na saa iliyo ukutani. Maneno yaleyale ya kipuuzi yanageuka mateso ya dakika 15, maana mtazamaji anajua jambo ambalo waliokaa mezani hawalijui.

Kwa hiyo moyo wa taharuki ni kujua na kutojua: nani anajua nini, nani hajui, na nani anajifanya hajui. Giza, mvua, kofia na bastola ni mavazi tu. Hitchcock mwenyewe alilithibitisha hilo mwaka 1959 katika North by Northwest, pale mhusika mkuu anapowindwa na ndege mchana kweupe, kwenye nchi tambarare, pasipo hata kichochoro kimoja cha giza.

Sasa tuipime kaida yetu kwa kipimo hicho. Jambazi anaposema Kiswahili, mtazamaji amejua nini? Hajajua mtu huyu amepanga nini, anamfahamu nani, wala anaogopa nini. Amepewa lebo tu, kama ile ya bei inayobandikwa kwenye shati. Akishaiona lebo hana la kungoja wala la kuhofia. Anakaa akisubiri wizi utokee, kama abiria anavyosubiri basi ambalo namba yake anaijua tayari. Mwandishi ameokoa kurasa mbili na kupoteza filamu nzima.

Kaida yenyewe hatukuibuni sisi. Katika Die Hard ya mwaka 1988, kundi linaloteka jengo la Los Angeles linaongozwa na Mjerumani, Hans Gruber, aliyeigizwa na Mwingereza Alan Rickman. Hollywood imezoea kumpa mhalifu lafudhi ya kigeni ili Mmarekani aliyekaa ukumbini ajue mapema wa kumchukia. Sisi tuliposoma kaida za filamu za taharuki tuliiokota na hiyo, tukajiuliza: je, mgeni wetu sisi ni nani? Tukamchagua jirani anayeishi Nyamirambo.

Hatukumchagua kwa bahati mbaya. Kiswahili kiliingia Rwanda pamoja na wafanyabiashara wa misafara na utawala wa Wajerumani, waliokitumia katika kazi za serikali. Wakati wa Wabelgiji, Waislamu na wageni waliokisema walikuwa na mtaa wao waliotengewa hapa Kigali, upande wa Biryogo, na watu wakauita kambi ya Waswahili. Lugha iliyotengewa mtaa hupewa na sifa za mtaa huo. Kikaitwa lugha ya wajanja, ya watu wa sokoni, ya madereva, ya walaghai. Mpaka leo wako wazee wanaosema hivyo bila chuki yoyote, kama mtu anavyosema kwamba mvua hulowesha.

Lakini nchi haikusimama hapo. Baada ya mwaka 1994, Wanyarwanda wengi walirejea kutoka Tanzania, Uganda na Kongo, na wengi wao walirudi na Kiswahili mdomoni. Mwaka 2007 Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2017 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Leo sheria inasema lugha hii ni ya ofisini, nayo skripti ya kijana wa miaka ishirini na mmoja inasema bado ni ya kwenye kona. Kati ya sheria na skripti, mtoto wa mtaani anaiona ipi? Sheria haioneshwi kwenye simu yake.

Linalonikera zaidi ni kwamba sisi tunaosoma Kiswahili tunajua kuwa lugha hii ina taharuki yake ya siku nyingi. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Mzimu wa Watu wa Kale, na ndani yake Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na rafiki yake Najum. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, na baadaye Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Katika vitabu hivi muuaji anasema Kiswahili, mpelelezi anasema Kiswahili, na maiti naye, alipokuwa hai, alisema Kiswahili. Lugha haiwezi kumfichua yeyote. Basi mwandishi analazimika kufanya kazi: atafute nia, alama, uongo mdogo, saa isiyolingana na maelezo.

Ndivyo ilivyo hata kwenye filamu. Katika Nairobi Half Life, iliyoongozwa na Tosh Gitonga mwaka 2012, kijana Mwas anatoka kijijini kwenda Nairobi kutafuta uigizaji, naye anaporwa mara tu anapofika mjini. Anayemwibia, anayemwokoa na polisi anayemtesa wote wanasema lugha za mji uleule, Kiswahili na Sheng. Huwezi kumjua mbaya kwa ulimi wake. Inakubidi umtazame mikono. Wakenya pia wana DJ Afro, anayezisimulia filamu za mapigano za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani. Kwake shujaa kutoka Hong Kong ananguruma Kiswahili, na mtoto anayemtazama anatoka nje akitaka kuwa shujaa huyo. Sisi Kigali tumekua na agasobanuye, filamu za kigeni zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda. Tunajua kwa masikio yetu kwamba sauti anayopewa mhusika ndiyo inayomfanya awe wetu au awe wa mbali. Hatuwezi kusingizia kwamba hatukuwa na habari.

Mtu ataniambia: kupinga ni rahisi, tuonyeshe filamu yenyewe. Sawa. Mwaka huu tulikuwa watano, kamera moja ya kuazima, siku mbili za kupiga picha Gikondo. Tuliichagua Gikondo kwa sababu. Kwa miaka mingi mizigo iliyotoka Dar es Salaam na Mombasa ilishushwa katika maghala ya MAGERWA hapa, na madereva wa malori waliongoja makaratasi yao wakinywa chai katika migahawa ya jirani. Viwanda vingi vya bondeni vimeshahamishwa, lakini wanaoikumbuka Gikondo ya malori bado wapo, na Kiswahili cha madereva wanakikumbuka.

Hadithi yetu ni ya dakika 11. Dereva mzee kutoka Tanzania amekaa mgahawani na wanaume wawili waliovaa vizuri. Wanataka atie saini karatasi inayosema amekwisha kulipwa, wakidai fedha zitaingia kwenye simu baada ya muda mfupi. Naye wanaongea Kiingereza, wakijifanya hawajui Kiswahili hata neno. Yeye ana Kiingereza cha kuombea maji. Wao kwa wao wanasemezana Kinyarwanda, na binti anayewahudumia chai anasikia kila kitu: fedha hazipo, wala hazitakuja. Binti anajua Kiswahili. Anaweza kumwonya mzee palepale mezani na matajiri wale wasielewe.

Ila mtazamaji ameshaona jambo ambalo binti hakuliona. Mwanzoni mwa filamu, nje ya mlango, mmoja wa wale wawili alisimama karibu na redio iliyokuwa ikisema Kiswahili, mtangazaji akatania, naye akacheka. Hilo ndilo bomu letu, nalo liko chini ya meza yenye vikombe vitatu vya chai.

Binti anaweka kikombe. “Shikamoo baba.” “Marahaba binti yangu.” “Chai hii ya moto sana, baba. Usiinywe kwa haraka. Wengi wameunguza mkono hapa.” Mzee anamtazama. Kalamu inasimama. Kisha yule mwanamume anainua macho, anatabasamu, na kwa Kiswahili safi kuliko cha wote wawili anasema, “Na mimi niletee, dada. Yangu isiwe ya moto sana.” Filamu inaishia hapo.

Hakuna bastola, hakuna giza, hakuna mtu aliyekimbia. Tulipiga picha saa nne asubuhi, jua likiwaka. Mwalimu mmoja wa warsha ya filamu aliisoma skripti akatushauri tubadilishe: walaghai waseme Kiswahili na binti aseme Kinyarwanda, “ili mtazamaji asipotee.” Tulikataa. Mtazamaji asiyeweza kupotea hawezi kuhofia.

Najua mnachotaka kusema: lakini mlaghai wenu naye amesema Kiswahili! Ndiyo, amekisema, na vizuri. Sitaki tukioshe Kiswahili mpaka wabaki wanaokisema malaika watupu. Hiyo ingekuwa lebo nyingine, nayo ni ya uongo vilevile. Ninachotaka ni kwamba wakisema wote: mzee anayekaribia kuibiwa, binti mwenye ujasiri, na mwizi mwenye adabu. Lugha ikishakuwa ya wote haimtaji mwizi tena. Inakuwa uwanja ambamo watu wanafichana, wanaonyana na kuwindana. Uwanja huo ndio taharuki.

Wengine husema: “Lakini ndivyo ilivyo mtaani, wezi hutumia Kiswahili.” Wezi hutumia pia viatu, simu na Kinyarwanda. Mbona hamwandiki filamu ambayo kila anayesema Kinyarwanda ni mwizi? Kwa sababu mnawajua wengi wanaokisema ambao si wezi. Basi kasoro haiko mtaani. Iko kwenye idadi ya watu tunaowafahamu kabla ya kukaa kuandika.

Wengine husema filamu fupi haina muda wa kumjenga mhusika, kwa hiyo lazima tutumie njia za mkato. Mlaghai wetu alijengwa kwa kicheko kimoja karibu na redio, sekunde nne. Njia ya mkato si dhambi. Dhambi ni kukatiza kupitia uwanja wa nyumba ya mtu mwingine ukiikanyaga mboga yake.

Na wako watakaosema kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anautetea mkate wake. Ni kweli, ninautetea. Kesho nitasimama mbele ya darasa kufundisha lugha hii, na mwanafunzi wa kwanza kucheka atakuwa yule aliyeijua kupitia “Leta simu.” Ninyi mtakaokuwa waandishi, wahariri na waongozaji mtanirahisishia kazi hiyo au mtaniongezea mzigo. Hakuna kati yetu aliye nje ya jambo hili.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kwenu walimu wetu: mnapotufundisha kaida za filamu za taharuki, msitupe orodha ya giza, kona na lafudhi na kutupa alama kwa kila kimoja tulichokitumia. Tuulizeni katika kila tukio nani anajua nini, na kwa nini mhusika huyu anasema lugha hii. Asiyeweza kujibu swali la pili arudishiwe skripti yake.

Kwenu wanafunzi wenzangu: kabla ya kumpa jambazi Kiswahili, mpeni kwanza mtu mwingine katika filamu hiyohiyo. Mpeni daktari, mpeni hakimu, mpeni bibi anayesali, mpeni msichana anayependa na kupendwa. Akishakisema mmoja wao, jambazi naye akiseme kwa raha zake. Hapo ndipo mtazamaji atalazimika kumtafuta mwizi kwa macho yake mwenyewe, na hapo ndipo ataogopa.