Barabara Mbovu Nayo ni Suala la Afya

Msomaji, umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea? Kazi hiyo haihitaji nguvu nyingi. Ukisukuma kidogo tu kila bembea inaporudi kwako, itapanda juu hata mtoto apige mayowe. Ukisukuma ovyo ovyo, haifiki mbali. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kila haba iingie kwa wakati wake.

Wanafizikia huliita jambo hili resonansi. Kila kitu kinachoweza kutikisika kina mwendo wake wa asili. Kikitikiswa kwa mwendo huo huo, mtikisiko hukua. Ndiyo sababu maji ya ndoo humwagika hatua za mbebaji zinapolingana na mawimbi yake. Redio nayo hukamata stesheni moja na kuziacha nyingine kwa kanuni hiyo hiyo. Hata mashine ya MRI hupata picha ya ubongo kwa kuziamsha chembe za hidrojeni mwilini kwa mawimbi ya redio yanayolingana nazo. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walitunukiwa Nobel kwa uvumbuzi huo mwaka 2003.

Lakini kanuni inayotusaidia hospitalini hutuumiza njiani. Mtu aliyeketi garini akirushwa juu na chini kama mara 4 hadi 6 kwa sekunde, uti wake wa mgongo huitikia, ukatikisika kuliko kiti alichokalia. Madereva wa malori na matrekta wanaotikiswa hivyo kwa miaka mingi huugua kiuno zaidi kuliko watu wengine. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, mwaka 2002, uliweka kikomo cha mtikisiko ambao mfanyakazi anaweza kuupata kwa siku ya saa 8.

Sasa fikiria Hulugho, kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Mgonjwa aliyezidiwa huko husafiri mwendo mrefu nje ya lami kufika hospitali ya rufaa mjini Garissa. Barabara ya vumbi ikikaa bila kuchongwa hujikunja kama bati. Matuta yakiachana sentimita 60, gari linalokwenda kilomita 10 kwa saa huyapiga karibu mara 5 kwa sekunde, mwendo ule ule unaouchokoza mgongo. Dereva akiongeza kasi, mtikiso hupungua, lakini magurudumu hayashiki tena ardhi sawasawa na gari laweza kupinduka. Mwenye mfupa uliovunjika afanyeje? Na mama mwenye uchungu wa uzazi?

Wewe unayesafiri, pumzika kila baada ya muda, na usikubali majeruhi apakiwe garini kabla mfupa haujafungwa gango. Ukipata ganzi miguuni au ukashindwa kuzuia mkojo baada ya safari, nenda hospitali mara moja.

Hata hivyo, ushauri hauchongi barabara. Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti, na kila mwaka twasikia habari za zahanati mpya na magari ya wagonjwa. Ni mambo mema. Lakini gari jipya juu ya matuta yale huharibika upesi, na mgonjwa hufika na maumivu mawili: aliyotoka nayo nyumbani na aliyoyapata njiani. Bajeti ya afya isiyohesabu greda ina pengo. Wakubwa waliketi kuipanga wakiwa mjini, kwenye viti visivyotikisika.