Kabla ya Kutia Mkasi

Katika mabaraza ya mafundi cherehani wa Muheza, kama ilivyo katika miji yetu mingi, vipande vya khanga na vitenge hubaki chini ya meza. Mama mwekevu huvikusanya ili awashonee watoto shuka la viraka. Lakini mashuka mengi ya namna hiyo huishia kabatini yakiwa nusu, kwa kuwa mshonaji alitazama uzuri wa kazi asitazame ugumu wake.

Ugumu haupimwi kwa ukubwa wa shuka, bali kwa mambo matatu.

Kwanza, umbo. Mraba ndio mwepesi. Katika karne ya 19, wanawake wa pwani yetu walinunua leso sita za jora moja, wakazikata tatu tatu na kuziunga kwa mshono mmoja ulionyooka. Inasimuliwa kuwa ndiyo asili ya khanga. Pembetatu ni ngumu zaidi, kwani ubavu uliokatwa mshazari huvutika mkononi. Duara ni gumu kuliko yote mawili.

Pili, mishono inayopaswa kukutana. Safu ya vipande 12 ina mishono 11. Kila mshono ukila milimita 2 za ziada, safu hupungua sentimita 2.2, wala haitalingana na jirani yake.

Tatu, kitambaa chenyewe. Pamba na nailoni havivutiki sawa, wala havistahimili pasi ya moto mmoja. Fua vipande vyote kwanza, ili kitakachorudi kirudi mapema na kinachochuja rangi kijulikane. Kwa joto la Muheza mjini, bitana nyepesi yatosha. Aliye juu Amani, kwenye baridi, atahitaji kutia blanketi kuukuu katikati; huyo apige bandi kwanza, la sivyo matabaka yatahama chini ya sindano.

Basi, ndugu msomaji, jaribu vipande vinne tu. Pembe zikikutana katikati na kitambaa kikalala sawa mezani, endelea. Zisipokutana, chagua vipande vikubwa zaidi. Tazama na saa pia: kama vinne vimekuchukua nusu saa, shuka la vipande 144 litakudai saa 18, kabla ya kuunga mafungu hayo. Kwa anayerudi kazini jioni, hizo ni wiki kadhaa. Heri shuka la miraba mikubwa linalomfunika mtoto usiku huu kuliko la nyota linalosubiri kabatini.