Aliyezamia asubuhi asipande SGR jioni

Msimu wa kaskazi ukikaribia, huku Ayany watu huanza kupanga safari za Pwani. Marafiki huchanga pesa kidogo kidogo, mmoja akaweka hesabu, wakachagua Diani, Watamu au Wasini. Zamani mpango ulikuwa kuogelea ufukweni, kula samaki na kupiga picha. Siku hizi kuna jambo jipya kwenye ratiba, nalo ni kuzamia kwa mtungi. Kwa kuwa majirani wanajua kwetu ni Pwani, huniuliza mimi. Ayany ni jirani na mtaa unaoitwa Fort Jesus, wala si ile ngome yetu ya Mvita, na nadhani wengine huona jina hilo pekee linatosha kunifanya mjuzi wa bahari.

Nafurahi wanapouliza. Kwa miaka mingi kuzamia kulionekana ni starehe ya Wazungu, na wenyeji wa Pwani tulibaki kuwa manahodha na wabeba mitungi. Mkenya akilipa pesa yake kwenda kuyaona matumbawe ya Kisite-Mpunguti au Watamu, anakuwa na sababu ya kuyatetea. Lakini nikiisoma ratiba wanayonionyesha, mara nyingi nakuta kosa lile lile: Ijumaa usiku safari, Jumamosi mapumziko, Jumapili asubuhi kuzamia mara mbili, Jumapili alasiri treni ya kurudi Nairobi.

Tuanze na kilichomo ndani ya mtungi. Wengi huuita mtungi wa oksijeni, na si kweli. Ni hewa hii hii tunayoivuta, iliyoshindiliwa, na sehemu yake kubwa ni naitrojeni. Kila mita 10 unazoshuka baharini, mgandamizo huongezeka kwa kiasi cha hewa yote iliyo juu yetu pwani. Ukifika mita 18, unavuta hewa yenye mgandamizo wa karibu mara tatu ya ule wa ufukweni. Naitrojeni huingia kwenye damu na misuli, ikakaa humo. Ukipanda polepole, mwili huitoa kwa pumzi. Ukipanda kwa pupa, hutoka kwa povu, kama soda iliyotikiswa na kufunguliwa ghafla. Povu hilo likikwama kwenye kiungo utapata maumivu. Likikwama kwenye uti wa mgongo unaweza kupooza.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba safari ya kupanda haiishi unapotoka majini. Mwili huendelea kutoa naitrojeni kwa saa nyingi. Ndiyo maana DAN, shirika la kimataifa la usalama wa wazamiaji, linashauri mtu asipande ndege mpaka zipite angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 akiwa amezamia mara kadhaa au kwa siku kadhaa. Ushauri huo unahusu ndege ambazo hewa ndani yake ni sawa na ya mahali palipoinuka kati ya mita 600 na 2,400.

Sasa fikiria Nairobi. Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mwili wa mtu anayerudi Ayany hautofautishi sana kati ya treni na ndege. Tangu Madaraka Express ianze Mei 2017, mtu anaweza kutoka Miritini na kufika Syokimau kwa saa tano au sita. Kwa basi au gari ni vivyo hivyo, ila polepole zaidi. Ukifika Voi tu, tayari umekaribia mita 600. Mzungu aliyezamia Diani na kulala hotelini wiki nzima hana shida hii. Shida ni yetu sisi wa bara na wa diaspora ya Nairobi, tunaotaka kumaliza kila kitu katika siku mbili.

Dawa yake ni kugeuza ratiba. Kuzamia kuwe mwanzoni, na siku ya mwisho iwe ya nchi kavu. Aliyefika Jumamosi asubuhi baada ya kusafiri usiku kucha naye asikimbilie majini. Alale, anywe maji, azamie Jumapili, kisha Jumatatu atembee mapango ya watumwa ya Shimoni au ngome ya Mvita, ale biriani, apande treni ya jioni. Kwetu Pwani huo ni usiku mmoja zaidi wa kulipia chumba, chakula na tuktuk. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili mgeni naye anapona.

Maandalizi mengine yaanzie huku huku juu. Kozi ya kwanza ya mzamiaji hudai uweze kuogelea mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10 bila msaada. Hayo hayafundishwi siku moja baharini. Bwawa la Kasarani lipo, na mabwawa mengine yapo; anza miezi miwili kabla. Jaza fomu ya afya kwa ukweli. Mwenye pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza, na mjamzito asizamie kabisa. Aliye na mafua aahirishe, maana masikio yaliyoziba huumia hata kwenye mita tatu. Soko la Toi utapata nguo za kuogelea za mitumba kwa bei nzuri, hilo sina neno nalo. Lakini miwani ya kuzamia ijaribu usoni: iweke bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikianguka haikufai.

Chagua pia majira. Kusi ikivuma, hasa kati ya Mei na Agosti, bahari huchafuka na maji hupoteza uangavu. Oktoba mpaka Machi ndio wakati ambao wazamiaji wengi huja.

Mwezi Septemba 2019, gari lilipotumbukia kivukoni Likoni na kuwachukua mama na bintiye, Wakenya wengi walishangaa kwa nini ilichukua siku 13 kulitoa. Lilikuwa kwenye kina cha mita 58 hivi, na mwisho wa kuzamia kwa starehe ni mita 40. Mwenye cheti cha kwanza huishia mita 18. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Majonzi yale yalitufundisha kwamba kina si mchezo, hata kwa wazamiaji wa kazi.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wenye vyombo na wakufunzi wa Shimoni, Diani, Nyali, Watamu na Malindi waongeze swali moja kwenye fomu zao: unarudi bara lini, saa ngapi? Anayejibu "leo jioni" asizamishwe, hata kama ameshalipa. Apelekwe kuogelea juu ya maji kwa miwani na mapezi. Kila chombo kiwe na oksijeni ya huduma ya kwanza, na kila nahodha ajue chumba cha tiba ya mgandamizo kilicho karibu kiko wapi na kama kinafanya kazi siku hiyo. Serikali za kaunti za Kwale, Mombasa na Kilifi zinaweza kuyabandika maonyo haya gatini na kwenye stesheni ya Miritini bila gharama kubwa.

Nanyi mnaorudi huku, zijueni dalili: maumivu ya bega au goti, ganzi, kizunguzungu, miguu kulegea, kushindwa kukojoa. Huweza kuanza saa kadhaa baada ya kutoka majini, pengine ukiwa tayari kitandani Kibera. Usimeze dawa ya maumivu ukalala, wala usiseme ni uchovu wa safari au upepo mbaya. Nenda hospitali usiku huo huo, omba oksijeni, na neno la kwanza unalomwambia daktari liwe kwamba ulizamia. Daktari wa bara hana sababu ya kulifikiria hilo asipoambiwa.