Wageni wa Matumboni

Ugonjwa wa sukari umeingia nyumba nyingi za mwambao wetu, na lawama zote twazitupia chai. Twawasahau bakteria wa utumbo mpana, ambao riziki yao ni nyuzinyuzi za nafaka na mboga tusizoweza kuzimeng'enya wenyewe. Wakizila, hutoa asidi zinazousaidia mwili kuitumia sukari.

Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani waliwatia panya bakteria wa pacha mnene, na wengine wa pacha mwembamba. Wale wa mnene walinona. Waliowekwa tundu moja na wenzao wembamba hawakunona, ila kwa sharti la chakula chenye matunda na mboga, mafuta kidogo.

Panya si binadamu, twajua. Lakini futari ya maandazi, sambusa na sharubati huwaachia nini wageni hawa? Kunde na mchicha tumevifanya vyakula vya shida, na uji wa mtama tumewaachia wazee.