Ubuyu mwekundu kwenye mlango wa madrasa

Wiki chache zilizopita mama mmoja alimleta zahanati mtoto wake wa miaka sita, mama akilia kuwa mtoto anaharisha damu. Tulipima choo, damu haikuwepo. Nikamuuliza mtoto amekula nini, akatoa ulimi. Ulikuwa mwekundu kama wino. Alikuwa amemaliza pakiti tatu za ubuyu wa rangi akitoka chuoni.

Alhamdulillahi haikuwa damu. Lakini ile rangi ni ipi? Muuzaji mwenyewe hajui, kwani huinunua sokoni ikiwa katika kijifuko kisicho na jina wala namba, kisha huitia kwa kukadiria na kijiko. Ubuyu wenyewe hauna kosa. Unga wake mweupe una vitamini C, na watoto wa pwani wamekua nao. Tumeupaka rangi kwa sababu mtoto huvutwa na macho kabla ya ulimi.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 hadi 9. Walipewa kinywaji chenye mchanganyiko wa rangi za viwandani na kihifadhi E211, na wakati mwingine kinywaji kinachofanana nacho kisicho na vitu hivyo. Kwa wastani, mchanganyiko huo uliongeza utundu na kukosa utulivu. Athari ilikuwa ndogo, haikuwa sawa kwa kila mtoto, wala si rangi peke yake inayoleta utundu (mtoto asiyelala vya kutosha naye hatulii). Hata hivyo, tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unalazimisha onyo kwenye vyakula vyenye rangi hizi sita: E102, E104, E110, E122, E124 na E129.

Ziandike namba hizo kwenye karatasi uende nayo dukani. Anzia na juisi za unga, zile tunazokoroga ndoo nzima wakati wa futari. Wala usikimbie kila penye E: E300 ni vitamini C, na E330 ni asidi ileile iliyomo kwenye limau.

Sisi Waislamu tumezoea kuuliza swali moja tu: je, kuna nguruwe ndani yake? Tukiambiwa hapana, tunanunua. Lakini katika Suratul Baqara aya ya 168, halali imetajwa pamoja na twayyib, na hiyo ya pili hatuiulizi. Sisemi ubuyu wa rangi ni haramu. Hilo waulizwe masheikh. Nasema mzazi ana haki ya kujua anachomlisha mwanawe.

Walimu wa madrasa na kamati za misikiti, tafadhali msiwafukuze akinamama wanaouza pale mlangoni, wengine wanalea yatima kwa mtaji huo huo. Kaeni nao. Choya ikichemshwa hutoa wekundu mzuri, ingawa haung'ai kama ule wa kiwandani, na siku za mwanzo watoto watalalamika.

Yule mama sasa anamfungia mwanawe ubuyu mweupe kutoka nyumbani. Juzi nilimuuliza mtoto anauonaje. Akasema ni mtamu, ila hauachi rangi ulimini, na wenzake hawaamini kama amekula ubuyu.