AZABU YA YADI TANO NA DAUNI MUPYA: NI HAKI AO SI HAKI?



Wengi wetu tukisikia neno mupira tunawaza ule wa miguu tu. Leo naomba tuangalie ule wa Wamarekani, juu uko na sheria moja yenye kuleta mabishano mengi, na mabishano yale yanatugusa hata sisi.

Katika muchezo ule, ekipe yenye mupira inapewa nafasi 4, zinaitwa dauni, ili isogee mbele yadi 10, ni kusema metre 9 na kidogo. Ikifikisha, inapata dauni ya kwanza tena, hesabu inaanza upya. Ikishindwa, mupira unaenda kwa wengine.

Sasa ekipe yenye kulinda ikifanya kosa, mwamuzi anapashwa kujiuliza maulizo mawili, si moja. La kwanza: yadi za azabu zinafikisha mupira kwenye alama? Mufano: mulinzi amevuka mustari mbele ya mupira kuanza. Azabu ni yadi 5. Kama zilibaki 4, ni dauni ya kwanza. Kama zilibaki 8, hapana: dauni ni ileile, zinabaki 3. Ulizo la pili: kosa hili ni moja ya yale ambayo sheria yenyewe inayapa dauni ya kwanza, hata yadi zisipotosha? Katika NFL, kumushika mwenye kukimbilia pasi ni kosa la namna hii. Azabu ni yadi 5 vilevile, lakini hata kama zilibaki 20, hesabu inaanza upya.

Hapo ndipo watu wanapiga kelele. Tarehe 12/2/2023, katika fainali ya Super Bowl, Kansas City Chiefs na Philadelphia Eagles walikuwa 35 kwa 35, zikibaki dakika karibu 2. Chiefs walikuwa kwenye dauni ya tatu, yadi 8 zilibaki. Pasi ikaanguka chini. Lakini kitambaa cha manjano kilikuwa kimetupwa: mulinzi James Bradberry alimuvuta JuJu Smith-Schuster shati. Kwa yadi 5 tu, dauni ya tatu ingerudiwa. Juu ya sheria ile, Chiefs wakapata dauni mupya, wakaacha saa ikimbie, wakapiga mupira kati ya miti zikibaki sekunde 8. Mwisho: 38 kwa 35.

Wengi wakasema: kosa dogo hivi, tena mwisho wa mechi, angeliacha tu. Mimi nasema hapana.

Kwanza, mwenye kushika ameiba nafasi ya mwenzake. Nani anajua kama yule angedaka? Kitu ambacho hakikuachwa kitokee, hakipimwi kwa yadi. Pili, kama azabu ingekuwa yadi 5 basi, mulinzi mwerevu angeshika kila mara zikibaki 20, juu bei ni rahisi. Sheria yenye kumuachia mukosaji faida inamufundisha kukosa tena. Tatu, Bradberry mwenyewe kisha mechi alikubali kama alivuta shati. Mwenye kosa amekubali, sisi tunabisha nini?

Lakini walalamikaji wako na neno moja la kweli: mwamuzi akiachilia kushika kwa dakika 58, kisha akiliazibu katika za mwisho, amebadilisha sheria katikati ya njia. Dawa yake si kunyamaza mwishoni. Ni kuazibu tangu mwanzo.

Na sasa, ndugu makapita wenzangu. Mwenye kuchelewa kwenye mustari asubuhi na mwenye kuficha kitabu cha mwenzake usiku wa mbele ya mtihani, mara nyingi wote wanapewa kufagia kiwanja. Wa kwanza amevuka mustari tu. Wa pili ameshika mutu. Afagie, ndiyo, lakini kufagia kwake hakumurudishie yule mwingine usiku wake wa kujifunza. Naomba kamati ya nidhamu ijiulize maulizo yote mawili: azabu ni ngapi, na aliyeibiwa anarudishiwa nini?