Maoni ya mhariri: Ramani isiyojua pirogi haimfai mwendesha toleka

Fungua programu ya ramani kwenye simu, uiombe njia ya baiskeli kutoka katikati ya komini ya Makiso hadi Lubunga. Kwa macho ni karibu. Unateremka hadi bichi, unaona nyumba za ng'ambo. Lakini mto Kongo hauna daraja hapa Kisangani, na programu ambayo haijaambiwa kwamba pirogi ni sehemu ya barabara itajibu kwamba njia hakuna, au itakuzungusha mahali ambapo hakuna mtu wa mji huu angepita. Mwendesha toleka hana shida hiyo. Anashuka, anapakia baiskeli ndani ya pirogi, analipa nauli yake na ya baiskeli, na muda si mrefu yuko ng'ambo anatafuta mteja.

Tunaanza na mfano huu kwa sababu mazungumzo juu ya programu za njia za baiskeli hukimbilia haraka mambo ya kioo cha simu: rangi, vitufe, alama nzuri. Watu husema programu iwe rahisi kutumia. Sawa, lakini rahisi kwa nani? Programu nyingi za aina hii zilitengenezwa kwa mtu wa Ulaya au Marekani anayetoka Jumapili kunyoosha miguu, anayetaka kujua amepanda kilima cha mita ngapi. Kwetu baiskeli ni chakula cha watoto.

Jina lenyewe lasema. Toleka, kwa Kilingala, ni "tupite". Baiskeli ya abiria ilishika nguvu katika mji huu katika miaka ya 1990, magari yalipokosa mafuta na vipuri. Vita vya 1998 viliposimamisha safari za mto kwenda Kinshasa, baiskeli ndiyo ilibaki kubeba watu, chumvi, sabuni na wagonjwa. Baada ya mapigano ya siku sita ya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya makazi yetu, mji uliovunjika ulisogea tena kwa magurudumu mawili na miguu. Leo pikipiki imechukua wateja wenye haraka na wenye pesa. Toleka amebaki na mwanafunzi, mama wa sokoni, gunia la makala, mkungu wa ndizi. Kila faranga anayopoteza kwa njia mbaya anaihisi mwilini.

Msomaji anaweza kusema: huyu anaujua mji kuliko simu yoyote, ramani ya nini? Ni swali zuri, na watengenezaji wa programu wangefaa kulijibu kabla ya kuandika mstari mmoja. Ndiyo, mwendesha toleka hahitaji kuambiwa Mangobo iko wapi. Anachohitaji ni kujua Mangobo inapitika vipi leo, baada ya mvua ya usiku. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta na mvua hainyeshi kwa kalenda ya mwenye programu. Njia iliyokuwa nzuri jumatatu, jumatano ina shimo la mmomonyoko linaloweza kumeza gurudumu zima. Daraja la magogo kwenye kijito linaweza kubaki na gogo moja. Na kuna anayetoka nje ya mji, anayesukuma mafuta ya mawese kutoka Yangambi, kilometa karibu 100, au anayekuja kwa barabara ya Buta akitokea upande wa Banalia. Huyo anajua kijiji chake na njia yake. Habari za mbele hupewa na wenzake anaokutana nao. Wanasimama, wanafuta jasho, wanaambiana: pale kwenye bonde usipite kulia. Programu yenye maana ingefanya kazi hiyo hiyo, ila ifike mbali zaidi.

Hapo ndipo ufundi wa kawaida unaposhindwa. Kompyuta inayotafuta njia hupa kila kipande cha barabara bei yake, halafu huchagua mfuatano wenye bei ndogo. Bei hiyo hutoka kwa urefu wa kipande, aina ya barabara, pengine mwinuko. OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuichora na ambayo programu nyingi huitegemea, ina nafasi ya kuandika kama njia ni lami, mchanga au udongo, na kama ni laini au mbaya. Lakini sehemu kubwa ya ramani za nchi yetu imechorwa na watu wa kujitolea walio mbali, wakitazama picha za setelaiti. Wanaona mstari wa kahawia. Tope hawalioni. Hata mwinuko si wa kuaminiwa sana: vipimo vinavyotumiwa mara nyingi vilichukuliwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Marekani mwezi wa Februari 2000, na penye msitu mnene rada ile ilipima karibu na vilele vya miti badala ya ardhi. Kwa hiyo simu inaweza kukuambia unapanda mlima ambao ni mwisho tu wa shamba na mwanzo wa msitu.

Kwa mwenye gari, kosa la kilometa moja ni mafuta kidogo. Kwa mtu aliyebeba abiria na mfuko wa mchele nyuma ya kiti, ni nguvu za safari nyingine nzima.

Sasa turudi kwenye kioo, maana nacho kina neno lake. Mikono ya toleka iko kwenye usukani, macho yako kwenye mashimo na pikipiki zinazopita bila kuuliza. Simu iko mfukoni, imefungwa ndani ya plastiki kwa ajili ya mvua. Programu inayomtaka atazame mstari wa buluu itamwangusha. Basi iseme, na iseme Kiswahili chetu na Kilingala, kwa maneno ya hapa. "Baada ya mita mia tatu pinda kushoto" haina msaada kwa mtu ambaye hajawahi kuhesabu mita. Sisi huelekezana kwa kanisa, shule, kituo cha mafuta, mwembe mkubwa. Katika komini ya Tshopo watu hutaja avenue kwa nambari, na mgeni huelewa mara moja. Ramani ikichukua alama hizo, hata mzee asiyesoma ataitumia.

Ifanye kazi pia bila mtandao. Hilo linawezekana: OsmAnd na Organic Maps tayari hupakua ramani mara moja na kupanga njia ya baiskeli bila intaneti. Ila habari ya leo, ile ya shimo na daraja, lazima ifike kwa njia nyepesi, kwa ujumbe mfupi hata kwa simu ya vitufe, kwa sababu si kila mmoja ana simu ya kisasa, na mwenye nayo hajui umeme utarudi lini aichaji. Programu inayokula betri kwa saa tatu, katika mji huu, haijakamilika.

Kuna jambo moja linalotutia wasiwasi, nalo halizungumzwi. Ramani hai hujifunza kwa kufuata watu. Inajua nani amepita wapi, saa ngapi. Kwenye njia zetu kuna vizuizi ambako msukuma makala hulipishwa bila karatasi. Na tangu 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola upande wa Lubunga umeua watu na kufukuza maelfu toka nyumba zao. Toleka wa ng'ambo anajua kijia gani hakipitwi. Habari hiyo inaokoa maisha, na ikiwa na jina la aliyeitoa inaweza kumuua. Kwa hiyo anayetengeneza aweke taarifa bila majina, afute nyayo za safari kila siku, na asiuze kitu. Tusikubali kidogo kuliko hapo.

Je, kazi hii ni kubwa mno kwetu? Nairobi, walimu na wanafunzi wa chuo kikuu pamoja na wenzao wa Marekani walizunguka ndani ya matatu wakiwa na simu, wakaandika kila kituo. Ramani yao ikatoka 2014, na mwaka uliofuata njia za matatu zikaingia kwenye Google Maps. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatuma wanafunzi na wakaaji wa mitaa kuchora mifereji na nyumba za sehemu zinazofurika. Sehemu zote mbili ramani ilianza kwa watu kutoka nje na kutembea. Sisi tunacho Chuo Kikuu cha Kisangani, na tunao watoleka, ambao wanatembea kila siku bila kuombwa. Tofauti iwe moja: walipwe. Mwanafunzi hupata alama za masomo kwa kuchora. Mwendesha baiskeli anayesimama kuandika shimo amepoteza mteja. Anayeomba ujuzi wake bure kwa jina la maendeleo anamnyonya kama wengine.

Meya na serikali ya jimbo nao wana faida hapa, kama wataitaka. Orodha ya mahali ambapo baiskeli hushuka na kusukumwa ndiyo orodha ya mifereji iliyoziba na madaraja yaliyooza. Hakuna haja ya kungoja fedha za lami. Mbao nne na siku mbili za kazi zingefungua njia nyingine ambazo leo zinazungukwa.

Wale vijana wenye kompyuta na hamu ya kujaribu, tunawaomba waanzie bichi, upande wa Makiso, saa kumi na mbili asubuhi. Wamchukue mtoleka mmoja mwenye gunia, wampe simu mfukoni, na programu yao imfikishe Lubunga kabla jua halijawa kali.